Mashabiki Wageni Kilabuni

Jumamosi nilikuwa kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, karibu na uwanja, hapa Moshi, kabla ya mechi, wakaingia mashabiki wanne wa timu pinzani, jezi zao mwilini. Sisi wenyeji tukawakazia macho. Mmoja wao akamwamkia mwenye kilabu, "Shikamoo mama. Na sisi tunaweza kunywa hapa?"

"Marahaba." Mama akajaza kata, akapiga funda la kwanza mwenyewe, kama ilivyo desturi yetu ya kumtoa mgeni hofu ya sumu, ndipo akampa. "Kunyweni, wanangu. Kufungwa mtafungwa baadaye."

Tukacheka wote, tukasogea wakae. Kata ikazunguka, ubishi ukanoga, saa tukaisahau. Tulipofika uwanjani, timu yao ilikuwa imeshatufunga bao, na wao hawakuliona. Siku hiyo tuliofungwa ndio tuliocheka zaidi.