Dawa Yako ni Chungu

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, niliweka siri moja iliyokaribia kumzika bibi yangu. Sisi Waborana bibi tunamwita akko. Mimi mwenyewe ni akko sasa, na wajukuu wangu wanadhani nilizaliwa hivi hivi, na mikunjo yangu na fimbo mkononi.

Tulikaa mtaa wa Chechelesi, nyumba ya udongo, choo hakuna. Alfajiri Akko alienda nyuma ya ua, mahali pake, nami nikimbebea birika la maji. Asubuhi moja, jua limeshatoka, nilipita pale nikaona ardhi imekuwa nyeusi. Chungu. Wale wadudu wadogo, wamejaa pale alipokojoa, wanapandana kama watu wanaogombania mahindi ya msaada. Nikaenda kuangalia mahali pa mama: hakuna hata mmoja. Pangu: hakuna. Cheka ukitaka, lakini niliwakagua watu wote wa boma.

Kisimani wasichana wakubwa walikuwa wametufundisha kwamba mtu akifuatwa na chungu, ardhi imeanza kumwita. Na aliyeona akifungua mdomo, mtu huyo hafiki mvua ijayo. Hakuna aliyetuambia ni nani aliyewahi kujaribu. Mtoto haombi ushahidi.

Basi nikanyamaza. Kila asubuhi nilichota majivu mekoni, nikamwaga pale, nikafagia, kisha nikarudi kunywa chai na Akko kama mwizi aliyeshiba. Chai yake ilikuwa maziwa mengi na sukari ya kuchota kwa kiganja. Alipopatwa na kiu isiyoisha, aliizima kwa chai hiyo hiyo. Akakonda. Kidonda kidogo cha mwiba mguuni kikakataa kupona. Mimi nikaongeza majivu.

Rafiki yake mtaani alikuwa Mama Kinya, Mmeru, muuza mboga. Yeye Kiborana hajui, Akko Kimeru hajui, kwa hivyo waligombana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kivyake. Siku moja alikuja na maganda ya mgunga, ule mti wa miiba, ameyafunga kwenye leso. Akamwangalia Akko juu mpaka chini.

"Mama Guyo, kwani unataka kupotelea ndani ya hiyo nguo?" Guyo ndiye baba yangu.

"Ni uzee. Usicheke, yako iko njiani."

"Uzee haimalizi mtungi ya maji. Wacha hii mambo ya tamu tamu. Wewe dawa yako ni chungu."

Birika likaniponyoka.

"Sio mimi nimesema!" nikalia. "Wallahi, Akko, sijaambia mtu! Nawamwagia majivu kila siku, ni wao wanarudi!"

Wazee wawili wakanikodolea macho.

"Nani wanarudi?" Akko akauliza.

"Chungu."

"Chungu gani, wewe?"

"Wa mkojo yako."

Mama Kinya alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alikuwa anasema juu ya maganda, kwamba ni makali kwenye ulimi. Mimi nikasikia wadudu. Lakini Akko hakucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu ile mbuzi ya madoa izae."

"Na hiyo mtoto yake sasa anakula majani! Kichwa ya punda, chungu anakimbilia nini?"

Nikafikiri. "Sukari."

"Haya."

Mama Kinya akaacha kucheka hapo hapo.

Kesho yake baba alimpeleka hospitali. Walisema sukari imejaa kwenye damu, na tungechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa. Akapewa dawa. Maganda pia aliyachemsha, kwa sharti la Mama Kinya: mgunga una wivu, ukichanganya na sukari hata siku moja, unakuacha. Maneno ya daktari aliyasikia nusu. Wivu wa mti aliuogopa. Sukari akaiacha kabisa.

Nilingoja kiboko. Badala yake aliniita, akanibana katikati ya magoti, akanishika uso kwa mikono yake mikavu.

"Ulikuwa unanificha, ardhi isinione?"

"Eeh."

"Na majivu?"

"Sikuwa na kitu ingine."

Kisha akasema, "Ukiona kitu yangu, niambie mimi. Hata kama ni kifo. Ni yangu, si yako."

Aliishi mpaka akaniona nikiolewa, akamtukana mume wangu mbele ya wazee kwa sababu ya miguu yake myembamba.

Mwaka huu ugonjwa ule ule umenipata mimi, na juu yake nimeambiwa ini langu lina mafuta. Mafuta ya kondoo yana adabu, yanakaa mkiani. Yangu yamekosa mahali pa maana. Mjukuu wangu Tume, anayefanya kazi maabara, alinisomea mambo kwenye simu yake.

"Akko, ule ukali wa maganda uko na jina. Polifenoli."

Akanieleza kwamba iko hata kwenye majani ya chai na matunda, kwamba wataalamu wanajaribu kuona kama inashusha sukari na kupunguza mafuta ya ini. Panya wamefaidika. Watu, bado haijajulikana vizuri. Tena kuna miti mingine ambayo dawa yake huliumiza ini lenyewe.

"Kwa hivyo usichemshe kitu bila kuniambia. Na vidonge usiache."

"Mimi ni panya?"

"Akko!"

Nilimuuliza basi ni nini kilichomwokoa bibi yangu: dawa ya hospitali, maganda, au ule wivu wa mti uliomtoa kwenye sukari. Akasema hajui. Nikampenda zaidi kwa jibu hilo.

Mimi ninalojua ni hili. Wale wadudu walisema ukweli kila asubuhi, na aliyewaziba mdomo ni mtu aliyempenda Akko kuliko wote. Ningemchukia kidogo, angetibiwa mapema.

Siku hizi kichwa kikinizunguka, nampigia Tume saa hiyo hiyo. Hunung'unika, eti yuko kazini. Anung'unike.