Belenus na Jua la Abu Hamour

Nilikwenda Doha kumtetea mungu ambaye hakuna aliyemshtaki. Anaitwa Belenus. Wakelti wa Ulaya ya kale walimwomba mwanga na uponyaji, na Warumi walipomkuta walisema, "Huyu ni Apolo wetu," kama shangazi anayemtazama mtoto mchanga na kutangaza kuwa pua ni ya ukoo wake. Makala yangu ilidai kwamba kilichoponya ni jua lenyewe. Kongamano la wasomi huko likiikubali, ingeingia kitabuni. Likiikataa, miaka yangu ya kusoma ingebaki burudani ya faragha. Makala ilikuwa na dosari moja tu: wagonjwa walimtafuta mungu huyo penye chemchemi. Hilo nilikuwa nimelizika kwenye tanbihi.

Kwenye uwanja wa ndege nilipokelewa na mdogo wangu Moraa, muuguzi anayeishi Abu Hamour, mtaa mmoja wa Doha.

"Kofia iko wapi?" aliuliza kabla ya salamu.

"Mimi ni Mwafrika."

"Hata ngamia ni wa hapa, na saa sita anatafuta kivuli."

Kesho yake saa sita, Moraa akiwa kazini, nilitoka kwa miguu kwenda dukani. Nilijiambia kuwa ni utafiti. Barabara ilikuwa tupu. Hata wajenzi walikuwa wamepumzishwa. Fremu ya miwani ilianza kunichoma, na hotuba niliyokuwa nikiikariri ikaanza kuruka aya. Mlangoni pa duka nilimsalimu mlinzi, Mganda mrefu, kisha nikaegemea hewa. Akanidaka.

"Mzee, kwenu Kenya jua limeisha?"

"Natafuta uponyaji."

"Basi ingia. Uko huku, karibu na maziwa."

Alinikalisha kando ya friji, akanimwagia maji shingoni.

Jioni Moraa alinikuta nimelala sebuleni, taulo bichi kichwani.

"Mungu wako amekupiga?"

"Amenipiga kwa jua, akaniponya kwa maji," nilisema, kisha nikaketi ghafla. "Moraa! Chemchemi!"

"Lala, kaka. Homa hiyo."

Kongamanoni, profesa mmoja mwanamke alisimama na swali nililoliogopa tangu Nairobi: "Kama ni mungu wa jua, mbona chemchemi?"

Pua yangu ilikuwa inabambuka mbele ya wasomi wote. "Walioishi chini ya mawingu walimshukuru kwa mwanga," nilisema. "Waliowaka homa walimshukuru kwa maji. Nilidhani hayo ni mambo mawili, mpaka juzi nilipokalishwa kando ya friji ya maziwa."

Walicheka kwanza, ndipo wakaandika. Makala ilikubaliwa kwa masharti: tanbihi ihamie ukurasa wa kwanza, na friji iondolewe.

Siku ya kuondoka Moraa alinivisha kofia mwenyewe, kama mtoto wa chekechea.

Nairobi nilipokelewa na mvua. Mke wangu alikuja mbio na mwavuli. Nilivua kofia, nikamwomba asubiri kidogo, nikainua uso.

"Baba, umerudi mgonjwa?" mke wangu aliuliza.

"La," nilisema, maji yakinitiririka puani. "Nimerudi na ushahidi."