Babu Aliyeitwa Bubu

Mtaa mzima ulimjua fundi cherehani huyu kwa jina la Mama Sindano, na tangu utotoni aliambiwa kwamba babu yake mzaa baba alikuwa bubu. Haikuwa siri wala aibu. Kwao, mtu akinuna mezani aliulizwa kama amerithi ulimi wa babu. Mzee huyo aliingia mjini akiwa mtu mzima, na mfuko mmoja begani. Akaoa, akapata mtoto mmoja, akafa bila kutamka neno. Kuandika hakujua, kwa hiyo alipotoka hakuna aliyepajua.

Chanzo cha kumtafuta kilikuwa kitinda mimba wa Mama Sindano, aliyefikisha miaka mitatu bila kusema hata “mama”. Daktari aliuliza kama katika ukoo kuna mtu aliyezaliwa bubu. Mama Sindano akaenda kwa baba yake, kinyozi mstaafu ambaye domo lake halikuwahi kustaafu. Mzee akakuna kidevu. Alimkuta baba yake hivyo, alisema, na mtoto hamhoji mzazi wake alivyozaliwa. Kisha akatoa kwenye boksi la nyembe kibati cha shaba chenye tundu na namba. Babu hakukivua shingoni mpaka alipofariki.

Mfua vyuma wa jirani alikitambua mara moja: vibati hivyo walipewa wachimbaji wa migodini. Basi Mama Sindano akaanza safari za nenda rudi kwenye jengo la kumbukumbu za serikali, chumba cha chini, ambako majalada ya mgodi uliokwisha kufungwa yalirundikwa hadi darini. Mtunza kumbukumbu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alimwonya kwamba haraka haraka haina baraka, akamfundisha kufunua karatasi kuukuu bila kuzivunja.

Namba ikapatikana. Kadi ya ajira ilisema mtu huyu ni mzima wa afya. Chini yake nyapara alikuwa ameandika: “Ameonywa tena kwa kupiga soga kazini.”

Mama Sindano akacheka peke yake, halafu kicheko kikamkauka. Bubu haonywi kwa soga.

Jalada lililofuata lilihusu ajali. Shimo liliporomoka, wachimbaji wakafunikwa chini, na mmoja wao baadaye akatoa maelezo kuhusu mwenye namba ile, yaliyoandikwa kama alivyoyasema:

“Alituita majina mmoja mmoja gizani. Aliyesinzia alimtukana mpaka akaamka kwa hasira. Akaimba, akahadithia, akapiga kelele ili walio juu wajue pa kuchimba. Vumbi likamwingia, akakohoa damu, hakunyamaza. Walipotufikia bado alikuwa anafungua mdomo, ila sauti haitoki. Tulitoka sote.”

Nyuma kulikuwa na maneno ya mganga wa mgodi: koo limeharibika, sauti haitarudi.

Mama Sindano akaweka kibati juu ya jalada, akalinganisha namba tena. Akatazama mikono yake juu ya meza kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mtunza kumbukumbu alikuja kusoma juu ya bega lake, akavua miwani.

“Ni nani wako huyu?”

“Babu yangu.”

Yule mama akavuta kiti, akaketi karibu naye. Muda wa kufunga ofisi ulipita, wala hakuinuka.

Daktari alipata jibu lake: katika ukoo hakuna aliyezaliwa bubu, basi akapima masikio. Mtoto alikutwa na maji nyuma ya ngoma za masikio, akaanza kutibiwa. Lakini kwa kinyozi mstaafu Mama Sindano alikwenda na nakala zote, akamsomea polepole barazani. Mzee, ambaye alikuwa hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, alisikiliza mpaka mwisho.

“Rudia,” alisema.

Mama Sindano akaanza tena ile habari ya gizani. Mzee akamzuia kwa mkono.

“Siyo hapo. Pale pa soga.”

Akamsomea. Mzee akatikisa kichwa, macho yamemjaa maji, akaomba tena, na tena. Miaka yote alidhani kelele zake hazina asili. Baadaye akauliza kama wameandika wimbo gani baba yake aliimba mle shimoni. Mama Sindano akapekua karatasi zote, mbele na nyuma. Haukuandikwa.

“Basi tuseme aliimba zote,” alisema mzee.