Mbwa wangu alikatwa mguu, majibu yakaja ni saratani, na kila alipokohoa nikasingizia salfa

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano mwaka huu, mbwa wangu alikatwa mguu wa mbele wa kulia. Siku ile nilidhani mguu ndio tulichopoteza.

Wakuu, heshima kwenu nyote. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, huu ndio uzi wangu wa kwanza. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia. Ninayoandika yametokea, na pale nilipowadanganya watu nitawaambia kwamba nilidanganya.

Mimi ni mtu wa Mpapura, huku Mtwara. Kazi yangu ni kupulizia mikorosho. Nina mashine ya kubeba mgongoni, napulizia mikorosho yangu michache na ya watu wengine wanaoniita.

Kwa wasiojua mambo ya huku: ikifika mwezi wa sita mikorosho inaanza kupigwa salfa, ule unga wa njano, ili maua yasiharibiwe na ugonjwa wa ubwiri. Tunapiga asubuhi kabla umande haujakauka, unga ushike. Kipindi hicho kijiji kizima kinakohoa. Mtu akikohoa msikitini au kanisani hakuna anayegeuka kumtazama. Ni salfa tu.

Shikeni hilo la kukohoa, maana ndiko uzi wangu unakokwenda.

Mbwa wangu aliitwa Kamanda. Rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, alichanwa na nguruwe pori akilinda mihogo. Tulikaa naye miaka saba. Nikienda shamba anatangulia, nikiwasha mashine anakaa mbali kidogo ananisubiri, nikimaliza manyoya yamekuwa ya njano kama mandazi. Mke wangu alikuwa anatufukuza wote wawili mlangoni tukajikung'ute kwanza.

Mwezi wa tatu alianza kuchechemea.

Nikafikiri amenasa kwenye mtego wa waya. Nikamkagua, sikuona jeraha, ila juu kidogo ya kifundo palikuwa na uvimbe mgumu. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikachemsha maji ya chumvi, nikawa namkanda. Kila jioni. Wiki sita, wakuu, nilikanda ule mguu kwa nguvu, naye ananiangalia tu, mara nyingine analamba mkono wangu. Nilikuwa najiona mwema.

Siku moja aliruka kutoka barazani. Baraza lenyewe halifiki hata magotini. Nikasikia sauti kama kijiti kikavu kinavunjika.

Tukamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mtu mzima wa Bukoba, yuko huku miaka mingi na nyumba nyingi za Mpapura anazijua. Aliushika mguu, kisha akaniuliza, "Baba Tina, uvimbe huu una muda gani?"

Nikasema miezi miwili.

"Na mmekuwa mkiufanyia nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema mfupa mzima hauvunjiki kwa kuruka baraza kama lile, na kwamba mguu hauwezi kuokolewa. Akaukata. Kipande kidogo cha mfupa akakitia kwenye kichupa chenye dawa, akasema anakituma Dar kikapimwe. Sikuuliza kinapimwa nini. Niliogopa kuuliza.

Naomba niseme ukweli, wiki tatu zilizofuata zilikuwa nzuri. Kamanda alizoea haraka kuliko sisi. Siku ya nne anasimama, siku ya kumi anakimbiza kuku. Vijana wa bodaboda wakamwita Bajaji kwa sababu ya matairi matatu, jina likashika. Ukimwita Kamanda anakuja, ukimwita Bajaji anakuja, mwenyewe hana kinyongo.

Aliyemtania zaidi alikuwa Bi Somoe. Huyu ni bibi wa makamo ya mama yangu. Nyumba yake iko Magomeni pale Mtwara mjini, ila shamba lake limepakana na letu, na msimu wa korosho anahamia huku. Mikorosho yake napulizia mimi. Ni mtu wa swala tano, mbwa hamgusi, maana kwao mate ya mbwa yakikugusa unanawa mara saba, ya kwanza kwa udongo. Kamanda akipita karibu yake anakusanya kanga yake juu. Lakini kila siku anamrushia vichwa vya samaki kutoka mbali, halafu anatusemesha sisi:

"Baba Tina, bajaji yenu imeingia uani kwangu bila kupiga honi!"

"Imefuata abiria, bibi."

"Abiria gani? Imefuata changu wangu wa kukaanga! Iondoe, isije ikanigusa na udhu wangu."

Katikati ya mwezi wa sita nilikuwa dukani nanunua sabuni, daktari akapiga simu.

"Baba Tina, hapo ulipo pana mahali pa kukaa?"

Nikakaa juu ya kreti la soda.

Akasema majibu yamerudi. Ni saratani ya mfupa.

Nikamwambia, "Lakini Daktari, mguu si ulishaukata?"

"Nimeukata. Ila hii ina tabia ya kuhama mapema, kabla hata ya kuonekana. Inapenda kwenda kwenye mapafu."

"Tutajuaje?"

"Utamwona anahema sana. Na kikohozi. Akianza kukohoa, nipigie."

Dawa za kuizuia alisema huku kwetu kwa mbwa hazipo, atatupa za maumivu tu. Akanifundisha kuhesabu pumzi. Mbwa akiwa amelala, tumbo likipanda na kushuka ni moja. Hesabu kwa dakika nzima. Zikipita thelathini, kuna shida.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu akauliza sabuni iko wapi, nikagundua nimeiacha dukani. Akauliza daktari amesemaje, maana alishasikia kuwa alikuwa ananitafuta.

Nikamwambia kidonda kimepona vizuri.

Huo ni uongo wa kwanza.

Kuanzia siku ile sikuwa na raha hata dakika moja. Mchana Kamanda akilala kivulini mimi nimekaa pembeni na simu, natazama mbavu zake. Kumi na nane. Ishirini. Kumi na tisa. Nikipata ishirini na mbili nahesabu tena mpaka nipate kumi na nane. Nikila, nahesabu. Kuna siku nilikuwa naongea na mteja nikajikuta nimenyamaza katikati ya sentensi kwa sababu mbwa alikuwa amehema.

Mke wangu si mjinga. Siku ya tano alikuja akakaa karibu nami, akanitazama, akasema, "Baba Tina, huyo mbwa unamhesabia nini?"

Nikamweleza yote. Hakulia, aliinuka akaenda kumpa Kamanda maji. Aliporudi alisema neno moja tu, "Ungeniambia." Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Mwezi wa saba, salfa imepamba moto, Kamanda akakohoa.

Mara moja tu. Kikavu, kama mtu aliyepaliwa. Nilikuwa nafunga mkanda wa mashine, nikauachia.

Halafu jirani upande wa pili akakohoa. Halafu na mimi nikakohoa. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikasema, ni salfa.

Wakuu, hamjui nilivyolipenda neno hilo. Kesho yake akakohoa mara tatu, nikasema ni salfa. Nikaacha kwenda naye shamba, nikawa naoga kabla ya kumsogelea, akaendelea kukohoa, nikasema unga uko hewani. Daktari akapiga simu kumuulizia. "Anakohoa?"

Nikasema hapana.

Huo ni uongo wa pili, na ndio mkubwa. Dawa ya maumivu ilikuwepo lakini yule mama angeweza kuja mapema zaidi, akaongeza, akatushauri. Mimi nilikuwa najua kwamba akija na kile kifaa chake cha kusikilizia kifuani, neno salfa litaisha. Asipokuja, bado lipo. Mbwa ndiye alikuwa anaumwa lakini mimi ndiye niliyekuwa najitibu.

Msimu huo Bi Somoe naye alikuwa na kikohozi kibaya. Yeye kwake, Kamanda kwetu, wanapokezana.

"Baba Tina, mimi na bajaji yenu tumekuwa kwaya sasa," alisema siku moja. "Yeye anaimba sauti ya chini."

Mke wangu akacheka kidogo, mimi sikuweza.

Bi Somoe akaona. Akauliza. Mke wangu akamweleza. Yule bibi akakohoa, kisha akasema anakwenda kwake Magomeni kupumzika na huu unga. Akaondoka kesho yake.

Siku ya tatu akapiga simu.

"Baba Tina, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sikiliza kifua changu." Akavuta pumzi kwenye simu, akaitoa. "Umesikia? Safi. Siku mbili tu huku mjini kikohozi kimekwisha. Mlete na huyo mwenzangu."

Nikamtazama Kamanda.

"Ua wa nyuma hauna mtu, wapangaji wametoka. Akae huko wiki moja. Kama ni salfa, kitakwisha kama changu. Kama si salfa, mtajua. Bakuli lake uje nalo, mimi sina la mbwa."

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa wema huo. Nikamwambia nitamjibu. Nikakaa siku mbili sijamjibu. Nilitafuta sababu: safari itamchosha, atapotea mjini, wapita njia watampiga mawe. Mke wangu alinisikiliza zote, halafu akakunja gunia, akaweka bakuli juu yake, akasema, "Mpeleke, au nampeleka mimi."

Nikampeleka. Nilikodi bajaji, ndiyo, bajaji. Dereva akaitazama ile miguu mitatu, akasema, "Leo bajaji imepakia mwenzake." Kamanda alitoa kichwa nje njia nzima, na tulipopita Naliendele alimbwekea ng'ombe mmoja kama zamani. Nikasema moyoni, huyu mzima.

Nikarudi shamba kupulizia. Siku ya kwanza Bi Somoe akasema amekohoa, lakini si sana. Siku ya pili akasema usiku hakumsikia. Siku hiyo nilipiga salfa mikorosho ya watu wawili bila kuchoka, nikaimba nikiwa ndani ya lile vumbi.

Siku ya nne akapiga simu asubuhi. Hakutania.

"Mwanangu, mimi sikohoi. Huku hapana vumbi. Yeye anakohoa, na tangu jana hali chakula. Njoo. Na huyo daktari wako mwambie ukweli."

Nikampigia daktari nikamwambia alianza kukohoa zaidi ya wiki tatu nyuma na kwamba nilimficha. Akasema, "Nilijua. Niliisikia sauti yako." Akasema tukutane Magomeni.

Kabla sijamalizia, niseme nililojifunza, maana nikishaandika hilo la mwisho sidhani kama nitaendelea.

Mkiona mbwa anachechemea na kuna uvimbe mgumu, msikande. Mpelekeni kwa mtaalamu mapema. Pengine isingesaidia, daktari aliniambia wazi kwamba huenda ilishahama zamani. Lakini ningejua kwamba sikumwongezea maumivu kwa mikono yangu. Nilimuuliza pia kama salfa yangu ndiyo iliyomletea. Akasema, "Mimi sijui na wewe hujui. Wanaugua hii hata mbwa wa watu wasioujua mkorosho." Nalishikilia jibu hilo.

La pili ni kwamba hofu ilinifanya nimwache mbwa aliyeniamini akiumwa peke yake, wakati mimi nimekaa naye kutwa nzima nikimhesabu. Kama kuna mwenzangu humu anasingizia kitu, awe ni mbwa au mtu wake, aandike hapa chini. Nitasoma kila komenti, hata za kunilaumu. Wapo pia watakaosema ni mbwa tu. Karibuni, nimeshazisikia.

Mimi na daktari tulifika kwa Bi Somoe saa nne asubuhi. Kamanda alikuwa amelala kwenye gunia lake chini ya kamba za nguo. Aliponiona alipiga mkia mara mbili, hakuinuka. Nilihesabu pumzi. Hamsini na sita. Daktari akasikiliza upande huu na upande huu, akakitoa kile kifaa masikioni, akanitazama. Nikamwambia sawa, ampumzishe.

Akasema nimshike kichwa. Nikakishika, Kamanda akakohoa, povu likamtoka mdomoni, nikashindwa.

Bi Somoe akasogea. Akachuchumaa, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga yake, akakishika kile kichwa kwa viganja vyake viwili. "Pole, Bajaji," akasema. "Pole, baba. Umefika."

Daktari akachoma sindano. Nilihesabu kumi na moja, halafu sikuwa na cha kuhesabu.

Baadaye kidogo Bi Somoe aliinuka, akaenda kwenye kona ya ua, akachota udongo kiganjani. "Nimiminie maji, mwanangu." Nikachukua kopo nikammiminia. Ya kwanza alinawa kwa udongo. Nikachota tena, nikammiminia ya pili. Ya tatu. Ya nne. Daktari alikuwa anafunga mkoba wake. Ya tano. Ya sita.

Ya saba ilipoisha akakung'uta mikono, akaniambia, "Imetosha." Nikaweka kopo chini.