Fundi bomba aliyefuta ushindi wa klabu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu yuko juu ya paa la jengo la uhandisi la chuo kikuu. Mkono mmoja umezama ndani ya tangi la maji hadi begani, wa pili umeshika spana. Anakaza boya. Hatua tatu kutoka alipo, antena ya klabu ya redio ya ridhaa imesimama kwenye nguzo yake. Kabla ya kushuka anaitikisa nguzo hiyo, anasikiliza kama kuna kinachocheza.

"Tangi ni kazi," anasema, akijifuta kwenye suruali. "Ile pale ni yangu."

Chuoni wanamwita Mama Koki. Ni fundi bomba hapa kwa mwaka wa kumi na moja, mwanamke pekee katika karakana ya watu tisa. Kwa miezi sita sasa ni mwanachama wa majaribio wa klabu hiyo, ambayo watu wake huzungumza kwa redio na wenzao wa mbali, bila simu wala intaneti, kwa kupenda tu.

Ijumaa hii wanachama kumi na wanane wanapiga kura: abaki au aende. Akikubaliwa, klabu itamdhamini afanye mtihani wa leseni. Akikataliwa, hana mlango mwingine. Redio ya namna hiyo, hata iliyotumika, ni mshahara wake wa miezi mitano.

Bomba ndilo lililompeleka klabuni. Mwaka jana aling'oa mabomba ya chuma yaliyooza ghorofa ya tatu, akaweka ya plastiki. Kesho yake redio ya klabu ikaanza kunguruma, na kila aliyesogelea kipaza sauti akawa anapigwa shoti ya mdomo. Wanafunzi waliifungua redio mara tatu, wakaifunga mara tatu. Wiki mbili zikapita.

"Nikaja kuzibua sinki chumba hicho hicho," anasimulia. "Nikaona waya wao wa ardhini, ule wa kushusha umeme usimdhuru mtu, wameufunga kwenye bomba langu. Nikawauliza, wanangu, tangu lini plastiki ikapitisha umeme?"

Chumba kizima kilicheka, mwenyekiti wa klabu akiwamo. Ni kijana wa mwaka wa nne, mwembamba, mwenye maneno ya haraka.

"Nilimwambia, Mama, vuta kiti," anakumbuka. "Na hata leo ningemwambia hivyo."

Mwanachama wa majaribio haruhusiwi kushika kipaza sauti. Kazi yake ni kusikiliza na kuandika: saa, alama ya kituo, namba. Mama Koki alizoea upesi. Mtu aliyezoea kusikiliza maji yanayovuja ndani ya ukuta, anasema, hasumbuliwi na mvumo wa redio.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, hampi nafasi ya kupumua kwa utani. "Mke wangu ana marafiki dunia nzima," anacheka, "na wote wanamtajia namba tu. Wivu nitautoa wapi?"

Kisha yakaja mashindano ya mwezi uliopita. Kanuni yake ni fupi: kila kituo kinampa mwenzake namba ya mfululizo, na kila upande lazima uisikie ya mwenzake. Usiposikia, hamkuwasiliana. Mwenyekiti alikaa kwenye kipaza sauti, Mama Koki kwenye daftari, wanachama wengine wakiwazunguka. Zikiwa zimebaki dakika nne, kituo kimoja cha mbali kiliitika, kikataja alama yake, kikazama kabla ya kutoa namba.

"Andika mia mbili na kumi na nne," mwenyekiti akasema. Muda mfupi kabla, alikisikia kituo hicho kikimpa mtu mwingine mia mbili na kumi na tatu.

"Umeisikia?"

"Mama, baada ya kumi na tatu inakuja ngapi?"

"Sijakuuliza hesabu. Umeisikia?"

Mwenyekiti aliandika mwenyewe. Lakini daftari hutiwa saini na watu wawili. Mama Koki alichukua kalamu, akaukata mstari ule, ndipo akatia saini. Klabu ilishika nafasi ya pili, pointi moja nyuma ya washindi. Yale mawasiliano yaliyofutwa yalikuwa na pointi mbili.

"Angeniambia pembeni," mwenyekiti anasema. "Alinikata mbele ya watu wote. Aombe radhi, kura yangu anayo, na za wenzangu nitamtafutia."

Mhadhiri ambaye ni mlezi wa klabu anajibu kwa ufupi: "Kanuni ziko upande wake. Kura wanazo wao."

Mama Koki hasubiri kwa unyonge. Kitabu cha leseni amekimaliza mara mbili, saa za chakula cha mchana. Paa la nyumba yake ameshalipima: mita kumi na tisa, antena ya waya inakaa bila shida.

Jumatano mwenyekiti alimfuata karakanani, mbele ya mafundi wote.

"Mama, sema samahani tu, yaishe."

Hakuacha kukata bomba. "Siku nikikukosea nitakuomba radhi mbele ya hawa hawa. Hapa sijakukosea. Ijumaa nakuja, nakaa kitini, mpige kura mnavyotaka. Samahani sisemi."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."