Nyuzi Nyekundu Kwenye Maji ya Maombi

Wewe rafiki yangu, ambaye najua hata ukicheka hutanicheka vibaya, keti nikuambie jambo ambalo nilikaa nalo peke yangu karibu wiki mbili.

Binti yangu wa kwanza alikuwa amerudi kwangu hapa mtaa wa Ziwani akiwa na mimba ya miezi saba. Ile iliyotangulia ilitoka, kwa hivyo hii tulikuwa tunaibeba wawili, yeye kwa tumbo, mimi kwa magoti. Kila Jumatano kwa ushirika wa akina mama, kila mtu huja na chupa yake ya maji. Tunaziweka katikati, tunaombea, halafu unarudi na yako nyumbani. Mwenye shida anakunywa glasi moja asubuhi kabla ya chai. Na kuna sharti ambalo hakuna mtu aliliandika lakini sisi wote tunalijua: maji ya maombi hayachemshwi. Ukichemsha ni kama unamwambia Mungu kazi yake haijaisha, angoje jiko limsaidie.

Hiyo Jumatano nilijaza chupa kwa mfereji wa jikoni kama siku zote. Niliiinua juu, maji ni maangavu. Ijumaa asubuhi nikaikuta pale dirishani, jua limeipiga, na ndani kuna uzi mwekundu, mfupi kuliko ukucha wa mtoto. Nikasema ni uzi wa leso. Halafu uzi ukajikunja.

Ukajikunja kushoto, ukajikunja kulia, ukachora nane. Nikaona wa pili. Wa tatu. Nilipogusa chupa wakatulia wote mara moja, kama watu wamesikia mlango. Nami nikaganda hapo. Walipoanza tena, walikuwa wanainama na kuinuka, wanainama na kuinuka, vile sisi hufanya maombi yakishika moto.

Sasa elewa akili yangu ilienda wapi. Shule niliacha nikiwa mdogo, hizi herufi nimezipata ukubwani, kwa darasa la jioni, ngumbaru. Huko mwalimu alitufundisha, nami nikaandika kwa daftari: vijidudu vya magonjwa havionekani kwa macho. Lakini hawa nilikuwa nawaona. Basi, nikajiambia, hawa si vijidudu. Na kama si vijidudu, na wameingia kwa maji yaliyoombewa, na ni wekundu kama damu, na kwa nyumba kuna msichana ambaye damu ilishamchukulia mtoto mmoja...

Sikumwambia. Niliwatoa na kijiko, nikachuja maji kwa kitambaa changu cha kichwa, nikampelekea glasi. Akanywa yote. "Asante, mum." Nikaingia bafu nikalia.

Jumatano iliyofuata nikamnong'onezea dada mmoja wa maombi. Kwanza alinitania. "Si unaishi Ziwani? Kwa ziwa ulitarajia nini kama si samaki?" Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Dada, kama ni nyekundu, kuna kitu kinataka hiyo tumbo. Mwongezee maji. Asiache hata tone."

Nikamwongezea. Glasi mbili, na chupa ikipungua naongeza ya mfereji juu ya yale yaliyoombewa. Na kila asubuhi kwa chupa kulikuwa na wengine. Chini kabisa, pale uchafu hutulia, walikuwa wamejijengea vijumba vya tope, vyembamba kama njiti ya kiberiti, na kwa kila kijumba kichwa kimoja kinachungulia. Nikikemea kwa jina la Yesu, wanaingia ndani. Nikinyamaza, wanatoka.

Jumatatu binti yangu alifika katikati ya glasi akasita.

"Mum, kuna kitu kimenigusa mdomo."

"Ni uzi wa kitambaa. Kunywa."

"Kimesonga."

"Kunywa kwa imani, mwanangu."

Aliniangalia, akanywa. Na hapo ndipo niliogopa kweli. Sikuogopa wale wa kwa chupa. Niliogopa mkono wangu.

Jioni nikaifunga chupa kwa mfuko, nikaenda nayo darasani. Mwalimu wetu ni dada wa Kiislamu, nimemzidi miaka zaidi ya kumi. Nikaiweka kwa meza yake, wenzangu wakazunguka. Mzee mmoja dereva wa lori, yule husoma kwa sauti kama anapiga honi, akasema, "Hiyo ni omena haijakomaa! Weka nyanya na kitunguu!"

"Mama Kanisa ameanza kufuga!" mwingine akadakia, na darasa lote likavunjika mbavu.

Mwalimu hakucheka. "Mama, umetoa wapi hii?"

"Mfereji wa jikoni. Lakini mwalimu, si wewe ulisema vijidudu havionekani?"

"Nilisema vya magonjwa. Hawa ni watoto wa vile vidudu kama mbu, vinazunguka taa na haviumi. Hutaga mayai kwa maji yaliyoachwa wazi. Hawa wenyewe si neno. Lakini kama wamepata njia ya kuingia, vile huvioni navyo vimeingia. Mnachemsha?"

Nikaivuta chupa kwangu.

"Mama, mnachemsha?"

"Ni maji ya maombi, mwalimu."

Akavuta mtandio wake, akaongea polepole. "Hata kwetu kuna maji ya dua. Nyanya yangu alikuwa anayasomea. Lakini aliyasomea yakiwa yameshachemka na kupoa. Nani anakunywa hii?"

Nikairudisha chupa kwa mfuko, nikaanza kuufunga.

Kesho yake asubuhi nikapanda kwa tangi letu linaloleta maji jikoni, juu ya paa la bafu. Mfuniko ulipeperushwa na upepo wakati wa mvua, na ni mimi mwenyewe niliyefunika na gunia na jiwe nikasema nitarudi. Gunia lilikuwa limezama. Nikainama. Chini yote ya tangi ilikuwa nyekundu kama zulia, na zulia lilikuwa linapumua. Kivuli changu kikaangukia maji, na zulia lote likapotea. Wameingia kwa vijumba vyao. Nikabaki naangalia maji safi kabisa. Mtu angenikuta pale saa hiyo, ningeapa hakuna kitu.

Nikashuka nikamwambia binti yangu yote, hata ile ya uzi wa kitambaa. Hakupiga kelele. Aliweka mikono miwili kwa tumbo. "Ulijua, na ukaniambia kunywa?"

"Nilijua."

Tulienda kliniki siku hiyo hiyo. Nesi alimwekea kile kifaa kwa tumbo, akakisogeza, akakisogeza tena. Kimya. Halafu tukasikia moyo wa mtoto, mbio mbio, kama mtu anakimbia na ndara. Nikapiga magoti hapo hapo. "Mama, inuka, utaniangusha," nesi akasema. Binti yangu hakunishika mkono. Njiani tukirudi ndio aliongea. "Kutoka leo maji yangu nitajichotea."

Mtoto alizaliwa salama, sasa anakaa mwenyewe. Mama yake bado anajichotea, anajichemshia, na sijawahi kumlaumu.

Tangi nilisugua, likapata mfuniko. Mimi bado naomba. Nachemsha kwanza, yakipoa ndio napeleka Jumatano. Niliposimama mbele ya akina mama kusema haya, watatu walinifuata nje wakaniambia chini chini kwamba wao pia waliona nyuzi kwa chupa zao, wakachuja, wakanyamaza. Watatu, kwa ushirika mmoja! Kwa hivyo nakuomba, usinifichie hii. Msomee mama mwingine anayebeba chupa, na yeye amwambie mwenzake, ifike kwa yule ambaye ameona kitu na anachuja kimya kimya, kabla hajampa mtu wake glasi ya kesho.