Muuza Laptopu na Matundu ya Ubavuni

Muuza laptopu alikuwa na mdomo usiojua likizo. Hata kabla ya kutaja memori au ukubwa wa diski, huigeuza mashine ubavu, akapapasa matundu yake kwa kidole gumba na kuuliza, "Utachomeka nini, ndugu yangu?" Siku moja mzee mmoja aliipenda ile nyembamba inayometameta. Alipoulizwa, akatoa flashi iliyofungwa kwenye leso.

"Sauti ya marehemu mke wangu."

Ile nyembamba haikuwa na tundu la flashi. Muuzaji akairudisha rafuni, akaleta nene, akachomeka.

"Baba Watoto, umekula?" sauti ikauliza.

"Bado," mzee akajibu.

Muuzaji akainuka taratibu, akafunga mlango, kelele za barabarani zisiingie.